Anzia Kwenye Spika

Ukiifungua mgongo amplifaya ya gitaa ya valvu, macho hukimbilia kwenye valvu zenyewe. Ndizo zinazowaka kama makaa yaliyopulizwa, ndizo zinazopigwa picha, na mpiga gitaa asiyeridhika na mlio wake ndizo anazokwenda kununua kwanza. Pembeni, bila kuwaka wala kutikisika, zimefungwa transfoma mbili, madonge ya chuma yaliyovikwa kofia za bati jeusi. Hakuna anayezitazama mara mbili. Lakini shika chasi kwa mikono miwili uinyanyue: upande unaolemea ndio wenye transfoma, na aliyelipia vipuri atakuambia kwamba mfuko wake nao ulilemewa upande huo huo.

Mimi hujenga amplifaya hizi kwa kuzipenda, usiku, baada ya kazi inayonilisha. Nimejenga chache na nimeharibu kadhaa. Kulehemu nilijifunza kwa wiki mbili. Kusoma mchoro kulinichukua miezi. Kuchagua transfoma bado najifunza, na sababu ni nyepesi kueleza: ukikosea rezista unaing'oa na kuweka nyingine kabla chai haijapoa, ila ukikosea transfoma umekosea mashimo ya chasi, volti za kila valvu, na pesa ya mwezi.

Somo kubwa kuliko yote nililipata kwa fundi mzee wa redio aliyekuwa akinitazama nikipekua orodha za bei. Aliniuliza, "Spika yako ni ipi?" Nikamjibu kwamba spika nitanunua mwisho. Akacheka, akarudi kwenye kazi yake. Ilinichukua muda kuelewa kicheko kile. Umeme husafiri kutoka ukutani, ukapita kwenye transfoma ya kwanza, ukaingia kwenye valvu, ukapita kwenye transfoma ya pili, ukatokea kwenye spika. Mchaguaji husafiri kinyume chake. Huanzia kwenye spika na kurudi nyuma hatua kwa hatua hadi afike ukutani, na kila hatua humpa namba ya kupeleka kwenye hatua inayofuata. Anayeanzia ukutani hununua transfoma nzuri, kisha akaanza kuitafutia kazi.

Tuchukue amplifaya moja tuifuate hivyo. Kati ya 1955 na 1960, kiwanda cha Leo Fender mjini Fullerton, California, kilitoa amplifaya ndogo iitwayo Deluxe ambayo mafundi huitaja kwa namba ya mchoro wake, 5E3. Ina valvu tano tu. Mbili, 12AY7 na 12AX7, hukuza mawimbi madogo yanayotoka kwenye gitaa. Mbili nyingine, 6V6, hutoa nguvu. Ya tano, 5Y3, hugeuza mkondo geu kuwa mnyoofu. Spika ni moja, ya inchi 12, na nguvu yote ni wati kumi na kitu. Mchoro wake mzima unaenea kwenye karatasi moja, ndiyo maana wajenzi wengi wa nyumbani huanza nao.

Spika yake ni ya omu 8. Ukiipima kwa mita utapata kama omu 6 na nusu, na wengi hushtuka wakidhani wameuziwa kitu kibovu. Mita hupima upinzani wa waya wa koili tu. Omu 8 ni namna spika inavyoupinga umeme unaocheza, na hata hiyo ni namba ya makubaliano, kwa kuwa upinzani huo hupanda na kushuka kadiri noti zinavyobadilika. Hata hivyo ndiyo namba ya kwanza kuandikwa kwenye daftari.

Namba ya pili inatoka kwa valvu. Valvu ni tajiri wa volti na maskini wa mkondo: kwenye 6V6 kunakaa volti zaidi ya 300, lakini mkondo unaopita ni sehemu ndogo sana ya ampea moja. Spika inataka kinyume, volti chache na ampea tele. Ukizifunga moja kwa moja ni kama kupanda mlima kwa baiskeli iliyokwama kwenye giya ya tambarare. Miguu ina nguvu, na baiskeli haiendi. Transfoma ya kutolea sauti ndiyo giya inayowapatanisha.

Vitabu vya valvu vya kampuni ya RCA vilitoa mwongozo ulio wazi: 6V6 mbili zinazofanya kazi kwa kupokezana, zikipewa volti 285, zifungiwe mzigo wa omu 8,000, nazo zitatoa wati 14. Kuanzia hapo hesabu ni ya darasani. Gawa 8,000 kwa 8, unapata 1,000. Tafuta kipeuo cha pili cha 1,000, unapata 31.6. Kwa hiyo kwa kila mzunguko mmoja wa waya upande wa spika, upande wa valvu uwe na mizunguko karibu 32. Hiyo ndiyo transfoma tunayoitafuta.

Jambo moja huwaponyoka watu hapa. Zile omu 8,000 hazimo ndani ya transfoma. Transfoma ina uwiano tu, na uwiano huo huakisi kile kilichofungwa upande wa pili, kama kioo. Badala ya spika ya omu 8 funga ya omu 4, na valvu zitaona 4,000. Funga ya omu 16, zitaona 16,000. Muuzaji anayekuambia transfoma yake ni ya omu 8,000 bila kukuambia kwa spika gani bado hajakuambia kitu, na hapo ndipo nilipokielewa kicheko cha yule mzee.

Kwamba kiungo hiki kinaweza kubadilisha tabia ya amplifaya nzima, historia ina mfano wake. Mwaka 1962, katika duka la ala za muziki la Jim Marshall huko Hanwell, magharibi mwa London, Ken Bran na Dudley Craven walikuwa wakijenga amplifaya kwa kufuata mchoro wa Fender Bassman wa namba 5F6-A. Bassman ya Marekani ilikuwa na spika nne za inchi 10, kila moja ya omu 8, zilizofungwa sambamba, hivyo mzigo ukawa omu 2 tu. Vijana wa London hawakuwa na transfoma za Fullerton. Walitumia zilizopatikana kwao, za wauza vipuri vya redio wa Uingereza, wakazifungia spika nne za inchi 12 ndani ya kabati lililozibwa nyuma, lenye omu 16. Mchoro ulikuwa karibu ule ule, rezista kwa rezista. Mlio ukatoka mwingine, amplifaya ikaitwa JTM45, na sauti ya roki ya Uingereza ikapata mzazi. Si transfoma peke yake iliyofanya hivyo, spika na kabati vilikuwa na sehemu yao. Lakini vyote vitatu vilibadilika kwa pamoja kwa kuwa havitenganishiki: ukigusa kimoja umevigusa vyote.

Baada ya uwiano linakuja swali la ukubwa, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Akili inatuambia transfoma kubwa ni bora. Kwa watu wa kusikiliza santuri nyumbani hilo ni kweli. D.T.N. Williamson alipochapisha mchoro wake maarufu katika jarida la Wireless World la Uingereza mwaka 1947, alidai transfoma ya kutolea sauti iliyo kubwa na ghali, iliyogawanywa misuko vipande vingi, ili noti za chini kabisa na za juu kabisa zipite bila kuguswa. Alikuwa na haki. Alitaka amplifaya isiyosikika, inayorudisha muziki kama ulivyorekodiwa.

Amplifaya ya gitaa inatakiwa isikike. Ni sehemu ya ala. Waya mnene kuliko wote wa gitaa lililotuniwa kawaida, E ya chini, hutetema mara 82 kwa sekunde, na spika ya gitaa huanza kuchoka ikishavuka 5,000. Chini ya hapo na juu ya hapo hakuna abiria. Kwa hiyo transfoma ya Deluxe ingeweza kuwa ndogo, na Leo Fender, aliyekuwa mtu wa kuhesabu kila senti ya gharama, aliiacha iwe ndogo.

Udogo huo una matokeo yanayosikika. Chuma kina kikomo cha sumaku kinachoweza kubeba. Kikifika hapo, kimeshiba, na ukiongeza umeme hakiongezi sumaku. Noti za chini ndizo hukishibisha mapema, kwa sababu kila wimbi lake hudumu muda mrefu zaidi. Kaza sauti ya Deluxe, piga nyuzi za chini kwa nguvu, utasikia besi inalegea na kujikunja wakati nyuzi za juu zinaendelea kuimba. Ing'oe transfoma ile, weka yenye uzito mara mbili. Besi itanyooka, mlio utasafishika, na amplifaya uliyokusudia kuijenga itakuwa imeondoka. Mwingine atapenda hivyo, hasa mpiga besi au anayetaka mlio safi wa jukwaani, na hakosei. Anachotakiwa ni kujua kwamba ameamua. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na kwenye biashara hii uzito na bei ndivyo hutembezwa sana.

Ili uheshimu unachonunua, inafaa ujue kinavyotengenezwa. Tarehe 29 Agosti 1831, Michael Faraday alichukua pete ya chuma katika maabara ya Royal Institution mjini London, akaizungushia waya wa shaba pande mbili, akiutenga kwa uzi na kitambaa cha pamba ili waya usigusane na waya. Alipouunganisha upande mmoja na betri, sindano ya upande wa pili ilicheza. Transfoma ya leo ni pete ile ile. Kilichobadilika ni ubora wa chuma na utulivu wa mikono.

Aliyewahi kukaa kwenye kibanda cha fundi wa kusuka mota anaijua kazi hii hata kama hajawahi kuona amplifaya. Bobini inafungwa kwenye mashine ya kuzungusha kwa mkono, yenye kihesabu kinachodonoa namba moja kila mzunguko. Waya wa upande wa valvu ni mwembamba kama unywele, umepakwa vanishi, na huongozwa kwa kidole. Kidole kikisita, waya hupanda juu ya mwenzake. Kikivuta, hukatika, na mizunguko mia saba iliyopita imekwenda na maji. Safu ikijaa hufunikwa kwa karatasi, safu nyingine huanza juu yake, na fundi hahesabu kwa mdomo wala hajibu salamu. Waya wa upande wa spika ni mnene, na mizunguko yake ni michache. Mwisho donge zima hutumbukizwa kwenye vanishi na kuokwa, ili hewa itoke na waya zisitetemeke.

Fundi wa transfoma ya sauti anaongeza ujanja ambao fundi wa mota hauhitaji. Hasuki upande mzima wa valvu kisha upande mzima wa spika. Husuka nusu ya valvu, juu yake upande wa spika, kisha nusu ya valvu iliyobaki, kama mkate uliopakwa siagi katikati. Misuko ikikumbatiana hivyo, sumaku inayopotea njiani hupungua na noti za juu hufika salama. Akigawanya zaidi, noti za juu huongezeka na gharama nayo. Kwa gitaa, mara moja au mbili zinatosha.

Kisha zinakuja sahani nyembamba za chuma zenye umbo la herufi E na I. Hapa jicho linaweza kukuokoa dukani. Kwenye transfoma ya valvu mbili zinazopokezana, kama ya Deluxe, mkondo mnyoofu huingilia katikati ya msuko na kugawanyika kwenda pande mbili, hivyo sumaku zake hufutana. Sahani hupangwa kwa kupishana, E ya huku, E ya kule, na chuma kinakuwa kama kitu kimoja. Kwenye amplifaya ya valvu moja, kama Fender Champ ya 5F1, mkondo huenda upande mmoja tu siku zote na ungekishibisha chuma hata kabla ya gitaa kupigwa. Kwa hiyo E zote huelekezwa upande mmoja, I zote upande wa pili, na katikati huwekwa kipande cha karatasi kuacha mwanya. Tazama ukingo wa sahani: ukiona mstari ulionyooka unaotenganisha mafungu mawili, hiyo ni ya valvu moja. Usiifungie valvu mbili ukitumaini maajabu, na kinyume chake ni kibaya zaidi.

Mara nyingi transfoma inayokufikia haina karatasi. Imetolewa kwenye redio kuukuu au kwenye amplifaya iliyokufa. Zile za Marekani huwa na namba zilizogongwa ubavuni zinazosomeka kama paspoti. Ukiona 606433, tarakimu 606 ni za kampuni ya Schumacher ya Chicago, iliyomsukia Fender transfoma nyingi. Tarakimu 4 ni mwaka unaoishia na 4, na 33 ni wiki ya mwaka huo. Namba hizo hazikuambii uwiano, na uwiano unaweza kuutafuta mwenyewe mezani.

Naiweka transfoma juu ya kitambaa. Upande wa valvu una waya tatu: bluu, kahawia, na mwekundu wa katikati. Kwanza mita ya omu. Kutoka mwekundu hadi bluu napata, tuseme, 160, na kutoka mwekundu hadi kahawia 178. Mgeni angesema imeharibika. Hapana, nusu iliyosukwa nje huzunguka donge nene zaidi, hivyo waya wake ni mrefu zaidi, ingawa mizunguko ni sawa. Namba mbili zinazokaribiana bila kulingana ni alama ya kazi iliyosukwa safu juu ya safu. Kisha nachukua transfoma ndogo ya volti 12 za mkondo geu na kuifunga kati ya bluu na kahawia. Upande wa spika mita inasoma 0.38. Gawa 12 kwa 0.38: 31.6. Zidisha kwa yenyewe, kisha kwa omu 8 za spika: karibu 8,000. Transfoma isiyo na jina imepata jina, na mimi sijatoa hata shilingi.

Onyo moja kabla hujajaribu: volti 12 hizo ziende upande wa valvu. Ukizifunga kwa bahati mbaya upande wa spika, uwiano ule ule utakugeuka, na kwenye waya bluu na kahawia utakuta volti karibu 380. Mezani hakuna kitu kitakachopiga kelele kukuonya.

Sasa tumeshapita valvu za nguvu na tunarudi kwenye transfoma ya umeme, ile kubwa zaidi. Hapa kazi ni kujumlisha bila kuruka. Kila valvu ina uzi wa kupasha moto. 6V6 hula ampea 0.45 kwa volti 6.3, mbili ni 0.9. 12AY7 na 12AX7 hula 0.3 kila moja, jumla 0.6. Tunahitaji ampea 1.5 kwa volti 6.3. 5Y3 ina msuko wake peke yake, volti 5 na ampea 2. Uache nafasi ya kupumua, lakini kwa kiasi. Msuko uliotengenezwa kwa ampea 6 ukipewa kazi ya moja na nusu, volti zake hupanda juu ya 6.3, na nyuzi za valvu huchakaa kabla ya siku zake.

Kwa volti za juu, 5E3 hutumia msuko wa 325-0-325, wenye uwezo wa milliampea 80 hadi 100. Namba hii haisomwi peke yake. Ikipita kwenye 5Y3, valvu yenye kula volti zake njiani, upande wa pili hutoka volti kama 350 za mkondo mnyoofu. Nimeona wajenzi wakisoma 325, wakaona 5Y3 ni mzigo wa bure, wakaweka dayodi mbili za silikoni badala yake. Dayodi hazili kitu. Zidisha 325 kwa 1.41, utapata karibu 460. Vitabu vya RCA viliweka kikomo cha 6V6 kwenye volti 315. Fender mwenyewe alikuwa ameshavuka kikomo hicho na valvu za siku zile zikamstahi. 460 ni kuzidisha ukarimu wao. Kwa hiyo transfoma ya umeme na valvu ya kugeuzia mkondo huchaguliwa kwa pamoja, kama nati na bolti.

Michoro mikubwa zaidi, kama ya Bassman, ina donge la tatu, choki, dada wa choki tunazozijua kwenye tyubulaiti. Kazi yake ni kutuliza mawimbi yaliyobaki kwenye mkondo mnyoofu. Deluxe haina, rezista inatosha. Tuendelee.

Tumefika ukutani, na ukuta wa Fullerton si ukuta wa kwetu. Fender alichora kwa ajili ya umeme wa Marekani, volti kama 117, mara 60 kwa sekunde. Tanzania tuna volti 230, Kenya 240, na kote mara 50 kwa sekunde. Volti kila mtu anazikumbuka, kwa sababu aliyezisahau amenusa moshi. Zile mara 50 ndizo husahaulika. Niliwahi kununua transfoma iliyosukwa kwa umeme wa Marekani, bei nzuri, haijatumika. Nikaifunga nyuma ya kipunguza volti na nikajiona mjanja. Volti zote zilitoka sahihi. Baada ya saa moja nilishindwa kuishika kwa mkono, na baada ya jioni tatu ilianza kunuka vanishi.

Kosa halikuwa la muuzaji. Kipunguza volti hupunguza volti tu. Mapigo hubaki 50. Umeme ukipiga polepole, kila pigo hudumu zaidi, na chuma hulazimika kubeba sumaku nyingi zaidi kwa volti zile zile. Kutoka 60 hadi 50 ni ongezeko la asilimia 20. Chuma kilichopimwa kwa karibu kule kikashiba huku, na kilichobaki kikawa joto. Transfoma ya 50 hufanya kazi popote palipo na 60, lakini ya 60 haina uhakika kwenye 50. Tafuta iliyoandikwa 50/60 ubavuni, yenye njia za volti 230 na 240. Zile volti 10 za tofauti si urembo: ukifunga kwenye 240 badala ya 230 na umeme wa mtaani kwenu ukasimama 245, nyuzi za valvu zitakushukuru kimyakimya kwa miaka.

Au mpelekee fundi wa kusuka wa mtaani. Anayesuka mota na transfoma za stebilaiza ana mashine, ana waya, ana vanishi, na mega yake ya volti 500 itakuonyesha kama msuko unavuja kwenye chuma. Mpe namba zote ulizokusanya tangu kwenye spika, na umwambie bayana kwamba kati ya msuko wa ukutani na mingine yote karatasi iwe ya kutosha, kwa kuwa mtu atashika gitaa lililounganishwa na kitu hiki akiwa miguu peku.

Bado kuna sanaa moja ndogo kabla ya kutoboa chasi, nami naipenda kuliko zote. Transfoma mbili zikikaa vibaya, ile ya umeme huirushia ya sauti sumaku yake, na spika huvuma hata gitaa likiwa limenyamaza. Mahali pake hapapatikani kwa rula. Hupatikana kwa sikio. Ziweke mbili mezani bila kufunga chochote kingine. Washa ya umeme, waya zake zote za kutolea zikiwa zimezibwa moja moja. Kwenye upande wa spika wa ile ya sauti funga headifoni. Utasikia mvumo mdogo. Sasa izungushe transfoma ya sauti taratibu, isogeze, ilaze, isimamishe. Mvumo utapanda, utashuka, na mahali fulani, mara nyingi chuma cha moja kikiwa kimeikatiza nyingine kama msalaba, utazimika karibu wote. Weka alama ya kalamu hapo hapo. Hadi leo sijaona namna inayoishinda.

Siku ya kuwasha, funga globu ya wati 40, ile ya uzi wa zamani, mfululizo na waya wa ukutani. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, kuna mahali umeme unapita njia ya mkato, nawe utazima bila kuunguza kitu. Ikiwaka kidogo kisha ikafifia, endelea. Kumbuka kwamba kapasita hushikilia volti mia tatu na zaidi hata baada ya kuchomoa plagi. Zimalize kwa rezista, pima kwa mita, na mkono mmoja ukae mfukoni. Wati kumi na mbili za Deluxe zinatosha kuzika mtu.

Hukumu yangu baada ya miaka hii yote ni kwamba transfoma bora haipo. Ipo inayofaa spika fulani, valvu fulani na ukuta fulani, na anayeijua ni yule aliyeandika namba hizo kabla ya kufungua pochi. Na kwa kuwa safari yetu ilianzia kwenye spika, iishie hapo pia: kabla hujabonyeza swichi, hakikisha spika imefungwa. Amplifaya ya valvu ikipigwa bila spika, nguvu isiyo na pa kwenda hurudi kwenye msuko, hutoboa vanishi, na kazi yote ya yule fundi wa bobini huisha kwa sekunde moja.